Akili ya Kuazima

Kilisikika kicheko kwanza, nyuma ya ukuta wa jiko, kisha sauti ya kijana: "Binamu atanifanyia ule mtihani wa kazi kwenye simu. Nani atajua?"

Bibi Namkunda, aliyekuwa akichambua kunde ndani, hakuinua sauti. "Akili ya kuazima haivuki kizingiti."

Vijana wakachungulia mlangoni. "Bibi, msemo huo umetoka wapi?"

"Kaeni. Umetoka msibani, kwa hiyo msicheke."

Akawasimulia.

Kwenye mtambo mmoja wa kusafisha maji, huko Upareni, alikuwako fundi kijana, Sifaeli, mwepesi wa kusoma na mwepesi zaidi wa kupenda sifa. Siku moja uongozi ukaleta mtihani wa usalama kwa simu. Kila mfanyakazi aufanye nyumbani kwake, bila msimamizi. Watu wa kule wamezoea msaragambo: shamba la mmoja hulimwa na wote. Basi wenzake wakamletea Sifaeli simu zao kama majembe, naye akazijibu zote, kifua mbele. Aliona anasaidia. Simu ya mwisho ilikuwa ya rafiki yake, Kiondo.

Mama Naetwe, mkuu wa usalama, alipoyatazama majibu akawaita.

"Kupatia pamoja ningeamini," alisema. "Lakini mmekosea swali lile lile, kwa jibu lile lile. Mlifundishana kukosea? Haya, Kiondo, nijibu mlilopatia. Gesi ya klorini ikivuja, unakimbilia wapi?"

Kiondo akamtazama Sifaeli. "Mbali, mama."

"Mbali wapi? Hata Tanga ni mbali."

Wenzake wakaangua kicheko. Sifaeli damu ikamchemka. "Mama, unamdhalilisha mtu mzima! Kila mmoja alijibu mwenyewe. Naapa!"

Mama Naetwe akamgeukia. "Nilitaka Kiondo asikanyage chumba cha gesi mpaka arudie mtihani. Kwa kiapo chako, namwacha aingie. Ila Jumatatu mtarudia wote, hapa, mbele ya macho yangu."

Jumamosi, Kiondo akiwa chumba cha gesi, mtungi ukavuja.

Kiondo alitoka chumbani akiwa hai. Upande wa juu palikuwa na kilima na upepo safi. Upande wa chini, bonde la migomba. Klorini ni nzito kuliko hewa, huteremka kama maji. Sifaeli alilijua hilo. Ndilo jibu alilolibonyeza kwenye simu ya Kiondo. Mwenye simu hakulijua. Alikimbilia bondeni, gesi ikamfuata. Walimkuta kifudifudi kati ya migomba.

Baada ya maziko, mjane wake, Nakijwa, alimvuta Sifaeli pembeni.

"Shemeji, mwenzangu alifaulu mtihani ule. Alama alinionyesha, tukafurahi. Mbona hakujua njia?"

Sifaeli angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini macho ya mwanamke yule hayakumwachia.

"Nilimjibia mimi," alisema. "Na wenzake wote."

Nakijwa hakulia. Alimtazama kama mtu atazamaye nyumba iliyoungua.

"Kumbe majibu uliyajua wewe. Akili ya kuazima haivuki kizingiti, shemeji. Pale mlangoni mume wangu alivuka peke yake."

Sifaeli akapiga magoti kwenye udongo mbichi.

"Shemeji, kabla mwingine hajaingia chumba kile, nitasimama mbele ya Mama Naetwe na wenzangu wote, niseme kwamba niliapa uongo. Hata wakinifunga, nitasema."