Kamba ya Nkwabi

Mama mmoja mjane alikuwa na wana wawili, Mayunga na Nkwabi, na kwao hakuna aliyemaliza kazi peke yake. Wakilima, kila mmoja alishika tuta lake. Lakini wa kwanza kufika mwisho hakwenda kukaa kivulini. Aligeuka, akaanza kulima tuta la mwenzake kutoka upande wa pili, mpaka majembe yao yakakutana katikati. Hapo walicheka, wakanywa maji kwa kata moja. Mayunga amezeeka sasa, na hakuna sauti anayoitamani duniani kuliko ile ya majembe mawili yakikaribiana.

Walipokuwa vijana, mama yao aliwatuma ng'ambo ya mto wakajifunze kurina asali kwa fundi Ntandu, mtu wa kabila lingine. Huko mizinga hutundikwa juu sana. Mrinaji hupanda akiwa na kamba inayozunguka kiuno chake na shina la mti, na desturi yao ni kwamba kila mtu hujifungia kamba yake mwenyewe.

Mayunga alijua upesi. Nkwabi naye aliujua moshi, aliwajua nyuki, na kwa kupanda aliwashinda wanafunzi wote. Fundo tu ndilo lililomsumbua. Mzunguko wa mwisho hupita chini. Vidole vyake kila mara viliupitisha juu. Jioni Mayunga alikaa naye, wakafunga na kufungua, wakafunga na kufungua.

"Kaka, unakaza hivyo kama unafunga mbuzi wa mahari asirudi kwao!" Nkwabi alimtania. Wenzao walicheka, na fundi, aliyekuwa akiwatazama kutoka mlangoni, akacheka pia.

Ikafika siku ya kupimwa. Fundi aliwakalisha mbalimbali, akasema kila mtu afunge yake, na atakayeshindwa atabaki msimu mwingine. Mayunga alimaliza mapema. Alipoinua macho alimwona mdogo wake ameduwaa, kamba mkononi. Akamfikiria mama yao kule ukingoni, akiwangojea wawili na kumwona mmoja tu akivuka. Fundi alipoinama kuchochea moto, Mayunga aligeuka, kama alivyogeuka shambani maisha yake yote, akamsogelea ndugu yake, akapitisha mkono chini ya mkono wake, akaumalizia ule mzunguko.

Fundi alikuja, akalivuta fundo kwa nguvu. Likashika. Akauliza ni la nani.

"La Nkwabi, fundi," Mayunga akajibu. Wala hakujiona amedanganya, maana kwao tuta ulilolimiwa na ndugu yako liliitwa lako.

Wakavuka mto pamoja, na mama yao akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Tangu hapo walirina pamoja, na Mayunga alizifunga kamba zote mbili. Zile jioni za kufunga na kufungua hazikurudi tena. Zilikuwa za nini, na Nkwabi alikwisha faulu?

Kisha Mayunga akashikwa na homa. Mama alitaka asali ya kumpa mgonjwa, na Nkwabi, aliyempenda kaka yake, hakusubiri mtu. Aliingia msituni peke yake. Akajifunga mwenyewe, akapanda. Alipoegemea nyuma kuufikia mzinga, kamba ikaachia.

Fundi Ntandu alivuka mto kuja msibani. Mayunga alimweleza yote, akamwekea kamba ile magotini, kisha akangoja kulaumiwa. Mzee aliishika, akaipapasa kwa kidole gumba. Mwisho akasema polepole, "Mwanangu, sikukukataza kumsaidia. Kila jioni niliwaona mkisaidiana, nikamshukuru Mungu. Siku ile moja tu nilitaka kujua kama atakuwa salama."

Mpaka leo, akifika mwisho wa tuta lake, Mayunga hugeuka. Hulitazama tuta la pili, ambalo sasa halilimwi, akasimama kidogo, kisha akaenda kuokota kata.

Nanyi mnaowapenda ndugu zenu, jiulizeni: mkono wako ulio chini ya mkono wa mwenzako, unamzuia asianguke, au unatuzuia sisi tunaomtazama tusione kwamba anaanguka?