Pimbi Aomba Kazi ya Bwawani

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi watoto nimewasikia. Wakubwa huko nyuma mmenyamaza kama mko msibani. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa twende.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiomba kazi na kujibiwa, palikuwa na Pimbi. Alikaa mwambani na wanawe. Kiangazi kilikuwa kikali, na bwawa lilikuwa moja tu. Wakubwa walikuja, wakanywa, wakakoroga, wakaenda zao. Wadogo walikunywa mwisho. Watoto wa Pimbi wakifika, wanakuta tope. Wanalamba tope, huku wanageuza shingo kutazama Chui asije akawakamata. Wanarudi nyumbani wanalia kiu, na Pimbi moyo unamuuma kwelikweli.

Siku moja Bibi Tembo, mkubwa wa bwawa, akapiga mbiu.

"Mbuni, mlinzi wetu, amechoka, anakwenda kukaa na wajukuu. Tunataka mlinzi mpya wa kukaa juu ya jiwe na kutuambia Chui akija. Mlinzi na wanawe watakunywa kwanza, maji yakiwa bado safi. Anayeitaka kazi aje mwezi ukiandama, tumjaribu."

Pimbi aliposikia "watakunywa kwanza" hakusikia tena kitu kingine. Kazi hii lazima aipate. Lakini kazi yenyewe hakuijua. Kunywa anakujua, kulinda hakujui. Akaona afadhali kwanza awaulize wanaolindwa wanataka nini.

Hapo mama huyu alifikiri vizuri. Ila pimbi mnawajua? Pimbi ni watu wa kutumana. Jua likiwaka kidogo tu, utasikia, "Hebu nichukulie," "Hebu niendee." Basi akamwita jirani yake, Kwale.

"Jirani, nenda bwawani ukaniulizie wanataka mlinzi wa namna gani."

"Mimi tena? Kwani wewe miguu huna?"

"Jua kali, jirani. Wewe nenda, mimi nitakuangalizia mayai."

Kwale huyoo, tipu tipu, tipu tipu. Njiani akakuta mchwa wanatoka. Akadonoa, akadonoa, mpaka tumbo likajaa. Bwawani hakufika. Akarudi anapangusa mdomo.

"Wamesemaje?" Pimbi akauliza.

"Wanataka sauti kubwa."

"Basi?"

"Basi. Kubwa kabisa."

Pimbi akaanza mazoezi. Asubuhi kelele, mchana kelele, jioni kelele. Kwiii! Kwiii! Siku moja akapiga kelele moja, mwanawe mdogo aliyekuwa akiota jua akashtuka, akateleza, biringi biringi biringi, mpaka chini vumbini, pu! Mtoto akalia. Pimbi akashuka mbio, akampangusa, akambembeleza. Aibu ikamshika. Huyu mtoto nimemwangusha mimi, akawaza, wala Chui hayupo.

Akamwendea Kwale.

"Jirani, hayo ya sauti kubwa alikuambia nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa pale."

"Pale wapi? Bwawani ulifika?"

Kwale akakuna shingo. "Nilifika karibu."

Pimbi hakugombana naye. Kazi aitake yeye, kiu iwe ya watoto wake, halafu anakwenda Kwale? Kesho yake jua liliwaka vilevile, naye akaenda mwenyewe. Akakaa kando ya bwawa, akamwuliza kila aliyekuja kunywa.

Kobe akasema, "Mimi niambie mapema. Ukiniambia pamoja na Swala, Swala anafika kwao, mimi ndiyo kwanza nageuka."

Swala akasema, "Mimi mluzi mmoja tu. Ukinitisha nakimbilia hata nisikokujua. Mwaka juzi nilimkimbilia Chui mwenyewe."

Bibi Tembo akasema, "Usinipigie kelele masikioni. Nikishtuka naruka, na aliye chini ya miguu yangu anakuwa chapati." Halafu akamtazama Pimbi. "Mbona hajawahi kuja mtu kuniuliza?"

Pimbi akaangalia pia Chui anakopitia. Kila mara kwenye matete, upepo ukimpiga usoni.

Akarudi nyumbani, akajizoeza upya pamoja na wanawe. Huyu akawa Kobe, huyu Swala, na tembo wakamgombania, kila mmoja anataka kuwa tembo. Walicheka mpaka wakasahau kiu.

Mwezi ukaandama. Wa kwanza kujaribiwa alikuwa Ngedere. Amejichana manyoya, anang'aa.

"Umejiandaaje?" Bibi Tembo akamwuliza.

"Kujiandaa ni kwa wasiojua. Mimi nimezaliwa nayo."

Akapanda jiwe. Chui akaja, na Ngedere akamwona, maana macho yake hayana kasoro. Kwekwekwekwe! Chui! Chui! Lo, vumbi. Tembo waliruka, Swala alirudi nyuma akagongana na Nyati, Kobe akalala chali, maji yakawa uji. Hata Chui alishangaa, akarudi alikotoka.

"Umetuambia kweli," Bibi Tembo akasema, "lakini nusura utuue."

Siku ya pili ikawa zamu ya Pimbi.

"Pimbi," Bibi Tembo akasema, "wenzangu wanauliza. Utakuja mwenyewe, au utamtuma Kwale?"

Wanyama wakaangua kicheko. Pimbi naye akacheka. "Nilimtuma, Bibi. Akaishia kwenye mchwa. Tangu hapo nakuja mwenyewe."

Akapanda jiwe. Akamwambia kila mmoja ishara yake, kisha akatulia. Upepo ukatulia. Matete yakatikisika.

Koo lake likataka kupiga kelele. Akamkumbuka mwanawe vumbini, akaimeza. Akapiga mluzi wa chini, fyuuu. Kobe akageuka, akaanza safari. Pimbi akasubiri, na kusubiri kule kulimtesa. Kisha akagonga jiwe kwa mguu, tu tu tu. Tembo wakakusanya wadogo wao, wakatoka polepole. Matete yakatikisika tena, karibu zaidi. Fyu! Swala hayupo.

Chui akatokeza, akatazama huku na huku. Maji meupe, na mtu hakuna. Akanywa, maana naye ana kiu, akaenda zake.

Bibi Tembo akarudi, akaona maji hayana hata tope. Akamwambia Pimbi, "Waite wanao."

Wakashuka, wakasimama nyuma ya wote, kama walivyozoea. Wakubwa wakawapisha. Wakainama, wakanywa, gu gu gu. Yule mdogo akanywa kidogo, akageuza shingo kumtafuta Chui.

"Wewe kunywa," Pimbi akamwambia kutoka juu ya jiwe. "Kutazama ni kazi yangu."

Basi wenzangu, wakubwa kwa watoto, ukiitaka kazi, ijue kabla hujaiomba. Nenda kwa miguu yako ukawaulize utakaowatumikia, kisha ujizoeze, na kujiandaa kwako usimwachie mtu mwingine.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa bwawa. Kama ni tamu tugawane, kama ni chungu niachieni mwenyewe.