Nyumba ya Mama Mlezi

Bi Nyangoma, bosi wa utawala chuoni, aliitamani nyumba ya mlezi iliyo ndani ya bweni la wasichana.

"Tausi, hama kesho. Nahamia mimi."

"Sawa, bosi," akajibu Tausi, mlezi wa bweni. "Niruhusu tu niwaage wanangu."

Kesho yake, kabla Bi Nyangoma hajakaa vizuri, mlango ukagongwa. Huyu kapoteza ufunguo, yule kagombana na mwenzake wa chumbani, mwingine analia anataka kwao. Foleni ikafika ngazini.

"Wanataka nini kwangu?" akafoka Bi Nyangoma.

"Anayekaa humu ndiye mama yao, bosi," akajibu Tausi, aliyekuwa bado anatoa mizigo yake.

Saa sita mchana haijafika, Bi Nyangoma akabeba mabegi yake akatokomea.

Msichana wa mwisho kwenye foleni akanuna. "Mama Tausi, mbona umemwacha aondoke? Zamu yangu ya kuzirai ilikuwa bado!"