Geti Lililoachwa Wazi

Mtu mmoja, jina lake Lutonja, alikabidhiwa geti la reli alilinde. Geti lenyewe lilikuwa pale ambapo barabara ya kuingilia mjini inakatana na njia ya treni, wala halikuwa kitu cha kujivunia: boriti ndefu iliyopakwa nyekundu na nyeupe, kibanda cha bati, mnyororo na kufuli. Usiku treni hazikupita, kwa hiyo boriti ilifungwa ikiwa juu ili walevi wasiichezee, na ufunguo ukalala kwa Lutonja. Kila asubuhi, kabla ya treni ya kwanza, ilimpasa afike, afungue kufuli, aishushe boriti, na watu wasubiri hadi hatari ipite.

Lutonja aliishi mbali, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, naye alikwenda kazini kwa baiskeli. Wenye baiskeli wanaijua safari hiyo. Barabara ilikuwa nyembamba, na lami yake imemeguka pembeni. Akikaa pembeni, gurudumu linadumbukia shimoni. Akisogea katikati, anapigiwa honi. Wapo waliompita karibu hadi kioo cha gari kikamgusa kiwiko. Wapo waliompita kwa kishindo, kisha wakasimama ghafla mbele yake kununua nyanya, na yeye akalazimika kuruka chini. Masika walimrushia maji ya madimbwi, kiangazi wakamlisha vumbi. Mara nyingi aliambiwa kwamba barabara si ya mama yake. Alikunja mabega akaendelea kukanyaga.

Watu haohao alikutana nao tena getini. Pale alikuwa amevaa koti la njano na kofia, ameshika bendera, nao walikuwa nyuma ya vioo wakitazama saa na kusonya kwamba geti limefungwa mapema mno. Njiani walimjua kwa mgongo wake, na getini walilijua koti lake. Hakuna aliyewahi kutambua kwamba anayewachelewesha kule na anayewazuia huku ni mtu mmoja.

Mkewe, Milembe, alimsihi awe anaondoka mapema zaidi, apite kabla magari hayajawa mengi. Akaondoka mapema zaidi. Baada ya muda magari nayo yakaanza kutoka mapema zaidi, kwa kuwa kila mwenye gari alikuwa anawakimbia wenzake.

Miongoni mwao alikuwamo Bwana Masanilo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wazee kwa heshima, na kijiji chake kilipojenga zahanati alitoa mabati. Lakini akishika usukani, yeye alimwona kila aliyekuwa mbele yake kama mwizi aliyemchukulia kitu chake.

Asubuhi moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Lutonja aliufunga ufunguo shingoni, akavaa mfuko wa plastiki juu ya koti, akaondoka. Alifika kwenye karavati, daraja dogo la kupitishia maji, mahali ambapo barabara inabanwa na pande zote mbili ni mtaro, akasikia honi nyuma yake. Hakuwa na pa kujiweka. Alinyoosha mkono kumwomba mwenye gari avute subira kidogo, amalize karavati, ampishe. Honi ikalia tena, ndefu zaidi. Sehemu iliyobaki ilikuwa fupi kiasi kwamba mtu angeimaliza kabla ya kumaliza kupiga chafya. Lakini gari lilivuma, likajipenyeza, na kioo chake kikampiga Lutonja begani. Akaanguka mtaroni na baiskeli juu yake. Alipoinua uso aliona nyuma ya gari jeupe lenye jina la duka la Masanilo. Halikupunguza mwendo.

Alijaribu kusimama, kifundo cha mguu kikakataa. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda. Simu ilikuwa imezama kwenye maji ya mtaro, naye aliipapasa kwenye matope bila kuipata. Akapanda hadi barabarani kwa magoti, akavua ufunguo, akaunyanyua juu, akiyapungia magari yaliyokuja. Alitaka wamchukue, au basi wauchukue ule ufunguo peke yake. Wa kwanza alimkwepa. Aliyefuata alipunguza mwendo, akamwona ana damu na matope, akafikiria polisi, maswali, na viti vya gari lake, akaongeza mwendo. Wengine hawakutazama kabisa.

Lutonja akaanza kwenda kwa miguu, akiegemea baiskeli iliyopinda kama mkongojo. Kila hatua ilimtoa machozi, naye hakusimama. Geti lilikuwa limeanza kuonekana, boriti imesimama juu katika mvua, aliposikia treni inapiga honi upande wa mashariki. Akaiacha baiskeli. Akakimbia kwa mguu mmoja mzima, akipiga kelele ambazo mvua ilizimeza.

Kutoka upande wa pili, upande wa mjini, lilikuwa linakuja gari dogo la kuazima. Ndani alikuwamo fundi cherehani aitwaye Ndaki na mkewe, wakienda kumtazama dada wa mke aliyekuwa amejifungua. Hawa hawakuwahi kumpita Lutonja wala kumpigia honi. Walikuwa wamefunga vioo kwa ajili ya mvua. Waliona boriti iko juu, na boriti ikiwa juu maana yake ni pita. Wakapita.

Watu walijaa haraka. Habari ilifika mjini, na waliokuwa mjini wakarudi kutazama, Bwana Masanilo akiwa mmoja wao. Walimkuta Lutonja amekaa chini kando ya kibanda, ufunguo mkononi. Wakamzunguka. Masanilo ndiye aliyejitokeza mbele kwa uchungu, maana alimfahamu marehemu Ndaki; fundi huyo alimshonea suti ya harusi ya mwanawe.

"Watu wamekufa," alisema, "na wewe ndiye uliyepewa ufunguo. Ulikuwa wapi?"

Lutonja aliinua macho.

"Nilikuwa mbele yako, Bwana Masanilo," alisema. "Kila asubuhi niko mbele yako."

Masanilo alimtazama. Aliyatazama matope yaliyomganda mgongoni, akautazama mgongo wenyewe, na Lutonja akauona uso wake ukibadilika. Kwa kitambo kidogo Lutonja alidhani mtu huyu atasema kweli. Hata mdomo wake ulifunguka. Kisha Masanilo akageuka, akawaambia watu kwa sauti ya upole kwamba maskini mlinzi amechanganyikiwa, asisumbuliwe, apelekwe hospitali. Akatoa gari lake limbebe. Ndivyo Lutonja alivyopanda gari lile kwa mara ya kwanza.

Wakubwa wa reli walimwita akiwa bado anachechemea. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamwuliza kama ana shahidi. Akawatajia magari aliyoyakumbuka. Wenye magari hayo walipoulizwa, kila mmoja alisema mvua ilikuwa kubwa mno na hakuona kitu. Masanilo naye aliulizwa, akasema njia ile ina baiskeli nyingi, hawezi kuzikumbuka zote. Lutonja akafukuzwa kazi. Alipokwenda mazikoni alisimama nyuma kabisa ya watu, na mama yake Ndaki, alipoambiwa yule pale ni nani, alijifunika uso kwa kanga na hakukubali kupokea mkono wake. Milembe alimwuliza mumewe kwa nini hakumweleza mama yule yaliyotokea. Akajibu kwamba mwenye msiba hapelekewi hoja.

Geti lilipewa mlinzi mwingine. Masanilo bado hupita pale, akiwahi dukani kwake, na watu wanasema siku hizi, mlinzi akikaribia gari lake, hujifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Mji mzima ulikubaliana kwamba Ndaki na mkewe waliuawa na uzembe wa mlinzi. Nanyi mliosikia, kabla hamjakubaliana na mji ule, nijibuni: geti lile liliachwa wazi pale relini, au liliachwa wazi kule kwenye karavati?