Swala Aliyesukumwa na Mlima

Paukwa!

—Pakawa!

Wa huko nyuma mmelala? Paukwa!

—Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majumbe na mashindano kama sisi, palikuwa na swala dume aitwaye Chande, na mkewe Sikitu. Chande hakuwa na mbio. Alikuwa na subira. Mkewe ndiye aliyekuwa na mbio.

Nchi ile haikujua saa. Mbio zao ndefu zilipimwa kwa chungu. Ngoma ikilia, wakimbiaji wanaondoka, na chungu cha njugu mawe kinatelekwa motoni. Mkimbiaji akifika, Jumbe Nyati anachota njugu moja na kuing'ata. Ikiwa laini, hizo ni mbio za kawaida. Ikiwa bado ngumu, ikalia kau! hizo ni mbio za bingwa.

"Njugu mawe zinavunja meno!" akasema Siwema, mtoto aliyeketi mbele.

Ndiyo maana walimwachia Jumbe.

Njia yao ilikuwa tambarare, nayo ilipimwa kwa kamba ya ukindu. Sikitu aliikimbia mwaka baada ya mwaka, na kila mara alifika njugu zikiwa zimeanza tu kulainika. Hakuna aliyemshinda. Lakini wanyama wa ng'ambo ya mto walijigamba kuwa kwao njugu hulia kau! Jumbe Nyati alikosa usingizi kwa wivu.

Hondohondo, mpiga mbiu wake, akamwambia, "Jumbe wangu, miguu tunayo. Tunachokosa ni mlima."

"Mlima wa nini?"

"Kamba ni ileile. Tuanzie ubavuni mwa mlima, tuishie bondeni. Kamba inapima urefu, Jumbe. Haipimi mteremko."

Jumbe akacheka hadi pembe zikatikisika. Njia ikahamishwa.

Ngoma ikalia mlimani, chungu kikatelekwa bondeni. Sikitu akashuka, mbio, mbio, mbio. Akafika. Jumbe akang'ata njugu. Ilikuwa ngumu katikati. Vigelegele! Jina la Sikitu likaimbwa mpaka jua likachwa.

Jioni Chande akamkanda mkewe kwa maji ya moto na chumvi. Ndipo magoti ya Sikitu yakasema. Ndiyo, magoti. Yaliimba hivi, nanyi itikieni:

*Mlima wasukuma, sisi twazuia,*
*Mlima hauchoki, sisi twaumia.*

"Umeyasikia?" Chande akauliza.

"Nimesikia jina langu likiimbwa," akajibu Sikitu. "Hayo magoti yana wivu kama wewe." Akacheka, na Chande naye akacheka. Alimpenda sana akicheka.

Lakini Jumbe hakutosheka. Akasema, "Ngumu katikati si kau! Pandisheni mwanzo mpaka begani mwa mlima."

Pale begani wakimbiaji wengine walichungulia chini, wakarudi makwao. Sikitu akabaki peke yake. Ngoma ikalia, chungu kikatelekwa. Akashuka, mbio, mbio, mbio. Jumbe akang'ata njugu. Ikalia ka, haikumalizia. Umati ukaruka, ukalia kwa furaha, ukambeba Jumbe.

—Jumbe? Si Sikitu?

Jumbe. Sikitu alirudi nyumbani akimwegemea mumewe, magoti yamevimba kama maboga. Jioni yakaimba tena, kwa sauti ndogo:

*Mlima wasukuma, sisi twazuia,*
*Mlima hauchoki, sisi twaumia.*

Safari hii Sikitu hakucheka. Alisema, "Mume wangu, nataka kurudi kwenye njia ya tambarare."

Asubuhi wakaenda wote wawili kwa Jumbe. Chande akasema kwa adabu, "Jumbe, mke wangu ameumia. Tunaomba apumzike, kisha akimbie tambarare kama zamani."

Hondohondo akapiga mbawa. "Shemeji, huyu si mkeo tena. Huyu ni wa nchi nzima!"

Watu wakacheka. Jumbe akamtazama Sikitu, akasema polepole ili wote wasikie, "Kumbe swala naye anaogopa kuteremka? Hata maji yanateremka, mama. Maji hayana miguu."

Watu wakacheka zaidi. Walikuwa walewale waliomwimba.

Chande alitaka kusema neno. Alikuwa nalo mdomoni, kali kama upupu. Lakini Sikitu akainua kichwa, akasema, "Nitakimbia." Chande akalimeza lile neno.

Mara ya tatu Sikitu alianzia kileleni. Njia ilinyooshwa, kona zote zikaondolewa, na juu ya mawe kukabaki changarawe tupu. Chande alisimama bondeni kwenye mstari, karibu na chungu.

Ngoma ikalia. Chungu kikatelekwa. Maji yalikuwa bado baridi.

Wakaona vumbi. Vumbi likashuka kwa kasi ambayo nchi ile haijawahi kuiona. Umati ukapiga vigelegele. Vumbi likavuka mstari, likasimama, likatulia. Jumbe akachota njugu, akang'ata.

Kau!

Ilisikika hadi ng'ambo ya mto.

—Sikitu ameshinda!

Sikilizeni kwanza. Alikuwa ameteleza juu kabisa, mlima ukamsukuma, na magoti hayakuweza kumzuia tena. Alipovuka mstari alikuwa ameshakufa.

Chande akapiga magoti, akampangusa mkewe vumbi puani. Vigelegele vilikuwa bado havijakoma. Hondohondo alikuwa akitangaza, "Amevuka! Kamba imeheshimiwa! Haijapata kutokea!"

Jumbe akaja, akainamisha kichwa kidogo. "Pole sana, Chande. Pole. Lakini ile kau! umeisikia?"

Chande alimzika mkewe. Alikaa matanga. Watu walikuja, wakala, wakasimulia kau! wakaondoka. Hakumfukuza hata mmoja. Alikuwa akiwatazama tu, mmoja baada ya mwingine.

Jumbe akaandaa karamu ya kusherehekea mbio zile. Chungu kikawekwa katikati ya uwanja, palepale bondeni penye mstari, kitelekwe kwa heshima. Chande hakwenda karamuni. Alipanda mlima.

Alipanda hatua kwa hatua hadi kileleni, kwenye njia ileile. Akatafuta jiwe kubwa, akapaza sauti, "Piga ngoma!" Kule bondeni karamuni mpiga ngoma, kwa mazoea, akapiga. Wapishi nao wakateleka chungu, kwa mazoea. Chande akalisukuma lile jiwe kwa pembe zake.

Jiwe likashuka. Watu wakakimbia huku na huko, meza zikapinduka, Hondohondo akarukia mtini. Jiwe likavuka mstari, likasimama mbele ya kiti cha Jumbe. Halikumuumiza mtu.

Chande akashuka polepole, upande upande. Alipofika akasema, "Jumbe, ng'ata njugu."

"Una wazimu!"

"Njia ni ileile. Kamba ni ileile. Ngoma imelia. Ng'ata njugu, kisha uwaambie watu waliimbe jiwe."

Jumbe Nyati akasimama kwa hasira. "Jiwe halikukimbia, mpumbavu wee! Jiwe limeanguka!"

"Na mke wangu?"

Watu wakalitazama jiwe, kisha wakautazama mlima.

—Jumbe akaomba radhi?

Hapana, Siwema. Aliagiza jiwe liondolewe. Wakalisukuma wote, halikuondoka. Na mbio za mlimani hazikukimbiwa tena, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele mbele ya lile jiwe. Tangu hapo swala akifika penye mteremko husimama kwanza, hunusa, kisha hushuka upande upande.

Basi shikeni hili: anayezisifu mbio zako bila kuitazama miguu yako, hakupendi. Na anayecheka unapoomba kupumzika, mkumbuke kwa jina.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyefurahi na alale. Aliyekasirika, asiharakishe kupoa.