Mstari Ambao Fundi Tweve Hakuuandika

Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mnisaidie, kwa sababu mimi nimeigeuza hadithi hii kila upande na bado sijui haki iko wapi.

Walikuwepo watu watatu katika mji mmoja wa baridi, ambako ukungu hushuka saa nane mchana na kukaa hadi kesho yake. Wa kwanza ni Obeid Chaula, aliyejaliwa mikono isiyokata tamaa. Akiharibu kitu leo, kesho atakishika tena. Wa pili ni Mama Lusungu, aliyejaliwa masikio. Alimtambua mpita njia kwa hatua zake, na alijua pia kama ana njaa. Wa tatu ni Tusekile, binti wa duka la steshenari, aliyejaliwa kalamu. Lakini kalamu yake ilikuwa na kero moja: ilikataa kuandika jambo ambalo mwenyewe hajalielewa.

Na alikuwepo wa nne, Fundi Tweve, mume wa Mama Lusungu. Huyo alikuwa amekufa.

Enzi za uhai wake Fundi Tweve alitunza mashine tano za hospitali, zile za kioo zinazowapa joto watoto njiti. Ndani ya kila mashine mna chipu, kidude kidogo kuliko ukucha, na hiyo ndiyo akili ya mashine. Masika radi ikipiga, chipu husahau kazi yake. Fundi alikuwa akija na boksi lake la kuflashi, akaunganisha waya, akaiandikia chipu programu upya, na mashine ikakumbuka joto ni nini. Hakuna mwingine aliyeweza. Kabla ya kukata roho alimwambia mdogo wake, Enosi, "Daftari langu lina kila kitu. Boksi langu apewe atakayeziwasha mashine zangu bila mimi."

Wiki mbili baada ya maziko radi ikapiga. Mashine zote tano zikazimika.

Obeid ndiye aliyelichukua daftari, na Enosi akamwazima boksi. Alikuwa amejifunza kwa marehemu mwaka mmoja tu, na alijua asipolipata boksi lile atarudi kulima viazi vya watu. Daftari lilikuwa na mistari saba, mwandiko wa kupendeza. Akaifuata yote saba. Kompyuta ikaandika neno jekundu, na chipu ikajifunga, haikusomeka tena. Akaenda mashine ya pili. Ikawa vilevile. Mashine mbili zimekufa, na mkono ni wake.

"Daftari hili linasema uongo," alisema Anjelista, nesi wa wodi ya njiti.

"Marehemu hakuwa mwongo."

"Basi wewe ndiye hujui kusoma, kaka."

Zile mbili zikasukumwa ukutani, zikakaa pale kama majeneza ya kioo. Wiki hiyohiyo mtoto wa kitanda cha nne, aliyekuwa akipashwa joto kifuani mwa mama yake, alipoa kulipopambazuka, wala hakuamka tena. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya nani. Ila tangu siku ile, kila Obeid alipofungua karakana asubuhi, alisikia harufu ya kulehemu, ilhali pasi ya kulehemu ilikuwa baridi kama jiwe. Alisema, "Shikamoo, fundi," kisha akaingia.

Mwingine angekimbia. Yeye alikaa siku nne na zile bodi mbili zilizokufa, akisoma kwenye kompyuta mstari kwa mstari yale ambayo boksi lilikuwa limeyaona ndani ya chipu kabla haijajifunga. Siku ya nne akaelewa. Waya ukigusa tu, chipu inaamka, inakimbia na programu yake mbovu, halafu inajifungia mlango. Inatakiwa idakwe ingali imelala. Na kwenye bodi kulikuwa na kitufe cheupe, kidogo kama punje ya ulezi, cha kuilaza. Lakini kishikwe kwa muda gani? Kiachiwe lini? Ukiwahi, chipu inatoroka. Ukichelewa, unaiua. Mashine zilikuwa zimebaki tatu, na Obeid hakuthubutu kubahatisha.

Akaenda kwa mjane.

"Mama, fundi alikuwa anashika kitufe kwa muda gani?"

"Mwanangu, mimi karakana nilikuwa nikipeleka chakula tu." Mama Lusungu akamsogezea kigoda. "Lakini nitakuambia kitu, usinicheke. Miaka kumi na tisa, mwenzangu akichoka, akikaa mezani, kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kinabonyeza meza chenyewe. Anahesabu kwa chini: moja, mbili, tatu. Kwenye tatu mkono wa kulia unasogea kama unachomeka kitu. Kwenye nne gumba linanyanyuka. Nikamuuliza, 'Baba Lusungu, unahesabu nini?' Akaniambia, 'Mimi? Sihesabu kitu.'"

Obeid akasimama. Mambo yale hayakuwa daftarini kwa sababu mwenyewe hakujua kwamba anayafanya.

"Na tangu tumzike," Mama Lusungu aliendelea kwa sauti ya chini, "kila alfajiri meza ile inahesabu."

"Inahesabu mpaka ngapi, Mama?"

"Nne. Haijawahi kufika tano."

Kesho yake mjane alisimama mlangoni mwa wodi huku Obeid akibonyeza. "Unakimbia," alimwambia. "Yeye alikuwa polepole. Anza tena." Moja, mbili, tatu, waya ndani. Nne, kidole juu. Mashine ya tatu ikawaka, na nesi Anjelista akajifunika uso kwa kitenge.

Jioni ile, kabla hajaigusa ya nne, Obeid akaangushwa na homa ya matumbo. Mikono ikamtetemeka hata kikombe hakikai. Mashine mbili bado, na watoto watatu wanalala ndani ya moja. Nesi akamfuata kitandani.

"Nielekeze tu, nitafanya mwenyewe."

"Unashika hivi," alisema Obeid.

"Hivi vipi? Umeshika blanketi, kaka!"

Ndipo alipoitwa Tusekile aje anakili daftari la marehemu pamoja na maneno ya Obeid, yasije yakapotea. Akasoma, akaweka kalamu chini.

"Mstari wa nne unasema 'unganisha'. Uunganishe nini, kwa mkono upi, wakati gani?"

"Wewe nakili tu, binti," alisema Enosi, aliyesimama mlangoni. "Hukuitwa kuhoji marehemu."

"Siwezi, baba. Mtu akifuata nitakachonakili, ataua mtoto wa mwenzake."

Akakaa kando ya kitanda cha Obeid, akauliza. Akakaa kwenye ile meza ya Mama Lusungu, akauliza. Alichoandika alimpa nesi Anjelista, ambaye hakuwahi kushika boksi maishani, ajaribu kwa zile bodi mbili zilizokufa. Kila nesi aliposita, Tusekile alifuta, akaandika upya.

"Hapa unasema kidole gumba cha kushoto. Changu kina kidonda."

"Basi naandika kidole chochote."

"Na hili neno jekundu likitokea? Nilie?"

"Chomoa waya, rudi mstari wa kwanza. Ngoja, niliandike na hilo."

Aliandika mara kumi na moja. Mistari saba ikawa kurasa tatu. Asubuhi moja ya ukungu nesi aliingia wodini na kurasa zile, bila mtu wa kumwelekeza, na mashine mbili zilizobaki zikawaka.

Siku hiyo karakana haikuwa na harufu yoyote. Na Mama Lusungu, alipoamka alfajiri, aliisikiliza meza mpaka jua likatoka. Alimkuta Tusekile dukani, akamwambia bila hasira, "Mmeshamwandika mpaka ameisha. Sasa amenyamaza."

Ikafika arobaini, siku ya kugawa vitu vya marehemu. Enosi akasimama mbele ya ukoo, boksi mkononi.

"Mimi ndiye niliyejua chipu inatorokea wapi," alisema Obeid, amekonda kama ufito. "Bila hivyo, hesabu ya Mama ingebaki hesabu ya mezani."

"Umewasha moja, umeua mbili," mtu alisema nyuma.

"Nimeua mbili. Nani mwingine alithubutu?"

"Shemeji," alisema Mama Lusungu, "bila masikio yangu angeua zote tano. Na mimi sina tena cha kumsikilizia mume wangu, ila hicho ulichoshika."

"Lakini alisema 'bila mimi'," Enosi alimjibu taratibu. "Wewe, shemeji, ulimleta marehemu mwenyewe mpaka wodini, kwa hesabu yake."

Tusekile aliongea mwisho. "Mimi sikugundua kitu. Lakini mashine mbili zimewashwa na mtu asiyejua lolote, kwa kurasa zangu. Nami nikikosa boksi, hakuna atakayemwita msichana wa steshenari fundi."

Enosi akaligeuza boksi mikononi. Kabla hajaamua, radi ikapiga upande wa hospitali. Nesi Anjelista akainuka, akaanza kukimbia. Wale watatu wakanyoosha mikono kwa pamoja.

Wodini mna watoto sita. Je, wewe ungelimkabidhi nani boksi lile? Amua upesi, taa zimeshazimika.