Ndama wa Hatua Mia Sita

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, mtandao ukipita kwenye waya wa simu ya mezani na picha moja ikichukua siku nzima kufika, watu watatu walifungua kampuni mjini Mbeya. Tumpe alikuwa mtunzi wa programu za kompyuta. Ambakisye alikuwa mpiga picha aliyechoshwa na harusi. Subira alikuwa mpiga chapa mstaafu wa mahakama, mama mwenye miwani ya aina mbili: ya kusomea na ya kutilia shaka.

Ambakisye alipiga picha nyaraka za watu, Tumpe akazibana kwa programu ziwe nyepesi kutuma, Subira akazikagua.

"Ukurasa mmoja una herufi a mia," Tumpe alisema. "Kwa nini tuziweke zote? Tuweke moja, tuirudie."

Basi ukurasa mzito kama gunia la viazi ukawa mwepesi kama bua. Shule zikaja, parokia zikaja, vijiji vikaja.

Tumpe akamwagiza Ambakisye, "Ukishanipa picha, futa zile nzito. Zinajaza mashine."

"Sawa, bosi."

Hakufuta. Alizihamishia kwenye diski, akazificha kabatini chini ya mashati.

Siku moja Subira akavua miwani, akavaa miwani. "Tumpe mwanangu, kitabu cha parokia kinasema huyu alibatizwa mwaka 1966. Sisi tumeandika 1986."

Wakachunguza. Lo! Programu ikikuta 6 iliyofifia, iliidhania ni 8, ikaweka 8.

"Ni kurasa chache," Tumpe alisema. "Tutengeneze kimya kimya. Tukitangaza, tumekwisha."

"Tusipotangaza, wamekwisha wao," Subira akajibu.

Kesho yake, bila kuomba ruhusa, Subira akamwandikia kila mteja: msiamini tarakimu zetu. Wateja wakakimbia kama kuku walioona mwewe. Tumpe hakumsemesha miezi miwili. Lakini miezi hiyo hiyo alikaa kitini mpaka macho yakawa mekundu, akaifundisha programu kuiacha kila alama ya mashaka kama ilivyo.

Mwaka ukapita. Kijiji kimoja cha Rungwe kikaunguliwa na ofisi, na hati ya mpaka ikateketea humo. Mwenye shamba la chai jirani hakulaza damu, akaenda baraza la ardhi kudai ardhi ya kijiji. Mwenyekiti wa kijiji, Mama Sekela, alikuwa na nakala ya hati hiyo aliyotengenezewa na kina Tumpe kabla ya barua: shamba la chai lianzie mtoni, liishie hatua 800. Angeipeleka hiyo, migomba yote ya kijiji ingekuwa ya chai. Lakini alikuwa ameitunza barua ya Subira. Akapiga simu.

"Mama Subira, wazee wetu walisema mia sita! Na baraza limeketi Iringa, linaamua leo saa nane!"

Ambakisye akakimbia nyumbani, akafukua mashati. Picha nzito ikaonekana: 600, pamoja na muhuri na sahihi. Lakini kuituma ilivyo, ingefika kesho. Tumpe akaipitisha kwenye programu yake mpya. Dakika tatu, ikawa Iringa, na 600 ikabaki 600. Wajumbe wakaridhika, kijiji kikashinda.

Wiki iliyofuata Mama Sekela akafika ofisini akivuta ndama jike. Wateja, waliokuwa wamerudi kwa habari za ushindi huo, wakasogea kwenye foleni kumpisha.

"Kwetu ndama wa shukrani hauzwi wala hagawanywi," alisema. "Anapewa mtu mmoja, na mtu huyo anakuwa ndugu yetu, yeye na uzao wake."

Tumpe akasema, "Kosa lilikuwa langu, nami nimelirekebisha. Bila programu yangu, hati ingefika kwenye kesi iliyokwisha kuamuliwa."

Ambakisye akasema, "Ningekutii, ungebana nini? Majivu?"

Subira akasema, "Na bila barua yangu, huyu mama angepeleka 800 kwa mkono wake mwenyewe. Kuna aliyenishukuru siku ile?"

Ndama akaanza kutafuna karatasi ya mezani.

Haya, wenzangu mnaosikiliza: aliyekosea akatengeneza, aliyekaidi akahifadhi, aliyesema kweli akakimbiza wateja. Kamba ya ndama shikeni ninyi. Je, nani alistahili kukabidhiwa?